Dharura na Udhuru: Ugonjwa kama Utetezi katika Mashtaka ya Mwendokasi nchini Uingereza, 1896–2024, na Urithi Wake Afrika Mashariki

Utangulizi

Kosa la mwendokasi ni miongoni mwa makosa machache ya jinai ambayo mtu mwadilifu, asiye na nia yoyote mbaya, anaweza kulitenda asubuhi akielekea kazini na asijue kwamba amelitenda mpaka barua imfikie. Sheria ya Uingereza haimtaki mwendesha mashtaka athibitishe kwamba dereva alikusudia kupita kikomo, wala kwamba alitambua kuwa amekipita. Inatosha kuonyesha kuwa alikuwa akiendesha gari, mahali fulani, kwa mwendo fulani. Kwa kosa la namna hiyo ingetarajiwa kwamba ugonjwa, ambao kwa kawaida hugusa nia na uwezo wa mtu, usiwe na nafasi yoyote. Hata hivyo, tangu magari yalipoanza kuonekana barabarani, madereva wamesimama mbele ya mahakimu wakieleza habari za mgonjwa aliyekuwa kiti cha nyuma, sukari iliyoshuka ghafla, kifafa, au tumbo lililowavuruga.

Makala hii inafuatilia namna madai hayo yalivyopokelewa. Hoja inayotetewa ni kwamba mabadiliko makubwa hayakuwa katika kiasi cha huruma ya mahakama, bali katika mahali ambapo ugonjwa uliruhusiwa kusikilizwa. Hapo mwanzo dai la ugonjwa liliweza kuletwa kama jibu la swali la hatia. Baadaye lilisogezwa hadi kwenye swali la adhabu, na mwishowe likabaki kuwa aya chache katika fomu inayosomwa na mtu mmoja faraghani. Katika safari hiyo ugonjwa wa ghafla, hasa ule wa mtu mwingine, ulijipatia mlango wake, ilhali ugonjwa wa kudumu wa dereva mwenyewe uligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia kuiona tofauti hii kwa urahisi kuliko istilahi za Kiingereza. Dharura ni hali inayombana mtu mpaka akose njia nyingine. Udhuru ni sababu iliyo ndani ya mtu, inayomfanya asilaumiwe kwa kutotimiza alilopaswa kutimiza. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu na yamekaa kwa muda mrefu katika fikihi na katika mazungumzo ya kawaida ya Waswahili. Mgonjwa asiyefunga Ramadhani ana udhuru. Aliyekaribia kufa kwa njaa jangwani, akala nyamafu, amekula kwa dharura. Wa kwanza husamehewa kwa jinsi alivyo, wa pili kwa jinsi mambo yalivyomfika. Majaji wa Uingereza, kama itakavyoonekana, walitumia takribani miaka hamsini kuitafuta tofauti hiyo bila kuwa na maneno yake.

Kutoka bendera nyekundu hadi tamko la afya

Sheria ya Magari ya Mvuke ya mwaka 1865 iliweka kikomo cha maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 kwa saa mijini, na ikamtaka mtu mwenye bendera nyekundu atangulie mbele ya chombo kwa miguu. Ni chini ya sheria hiyo kwamba Walter Arnold wa Kent alishtakiwa mwezi Januari 1896 kwa kuendesha kwa maili 8 kwa saa mahali palipotakiwa maili 2. Polisi alimfukuza kwa baiskeli. Faini yake kwa mwendo ilikuwa shilingi moja, nje ya gharama za kesi. Kesi hiyo hutajwa mara nyingi kama ya kwanza ya mwendokasi wa motokaa nchini humo, nayo haikuwa na dai lolote la ugonjwa. Imetajwa hapa kwa sababu inaonyesha jinsi kosa lenyewe lilivyozaliwa likiwa tupu, lisilouliza chochote kuhusu mwendeshaji. Mwishoni mwa mwaka huohuo kikomo kilipandishwa, na Sheria ya Motokaa ya 1903 ikakifikisha maili 20 kwa saa.

Miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo wa magari walikuwa madaktari, hasa wa vijijini, ambao hapo kabla walitegemea farasi kuwafikia wagonjwa. Hivyo jamii ya kwanza iliyokuwa na sababu ya kitabibu ya kukimbia barabarani haikuwa ya wagonjwa bali ya watibabu. Lakini sheria haikuwapa daraja la pekee. Hata Sheria ya Usalama Barabarani ya 1934, ilipoyaondolea kikomo magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi pale ambapo kikomo kingezuia kazi yao, haikulitaja gari binafsi la daktari. Hali haijabadilika: leo daktari nchini Uingereza anaweza kuwasha taa ya kijani juu ya gari lake anapokwenda kwenye tukio la dharura, na taa hiyo haimpi ruhusa ya kupita kikomo hata kwa maili moja.

Mwaka unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni 1930. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka huo ilifuta kabisa kikomo cha mwendo kwa magari madogo, na hicho ndicho wanahistoria wengi wa usafiri wanachokikumbuka. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, ilileta jambo jingine lililodumu zaidi: mwombaji wa leseni alitakiwa kutoa tamko kuhusu afya yake, na kuwa na kifafa kulimzuia kupata leseni. Kikomo cha mwendo kilirudi miaka minne tu baadaye, na kuanzia Machi 1935 maeneo yenye makazi yakawa na maili 30 kwa saa. Tamko la afya halikuondoka. Kwa maneno mengine, katika kipindi kifupi ambacho dola iliacha kuupima mwendo, ilianza kuuhoji mwili. Tangu hapo dereva mgonjwa hakuweza tena kuja mahakamani kama mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Alikwisha kuulizwa na alikwisha kujibu kwa saini. Jibu hilo ndilo lililokuja kumsubiri kizimbani.

Mwili unapoacha kutii

Kabla ya kuzitazama kesi, ni vyema kukumbuka zinatoka wapi. Ripoti za sheria huhifadhi yale tu yaliyokatiwa rufaa, na ni watu wachache mno waliowahi kukata rufaa kwa sababu ya faini ya mwendokasi. Maelfu ya visa vya akina baba waliomkimbiza mtoto hospitali viliishia katika mahakama ndogo, mbele ya mahakimu wasio wanasheria, na kama viliacha alama, iliachwa katika ukurasa wa ndani wa gazeti la wilaya. Kanuni kwa hiyo ziliundwa katika mashtaka mazito kidogo, ya uendeshaji wa hatari au wa uzembe, kisha zikateremka kwa kosa la mwendo. Mteremko huo ni halali kisheria, kwa kuwa makosa yote haya yana neno moja la msingi: kuendesha. Asiyeendesha hawezi kuendesha kwa kasi.

Swali la nani anaendesha liliulizwa waziwazi katika kesi ya Hill dhidi ya Baxter, iliyoripotiwa 1958. Dereva wa gari dogo la mizigo mjini Brighton alipita alama ya kusimama na kugonga gari jingine. Alisema hakumbuki lolote la dakika zilizotangulia, na kwamba lazima alizidiwa na ugonjwa. Mahakimu walimwamini wakamwachia huru. Majaji wa rufaa walikataa. Jaji Mkuu Lord Goddard alikubali kwamba mtu aliyepigwa na kiharusi au kifafa akiwa kwenye usukani haendeshi tena, na mfano wa dereva aliyevamiwa na kundi la nyuki ukarudiwa na kuwa maarufu darasani. Lakini dereva huyu hakuleta ushahidi wa daktari. Alileta usahaulifu tu, na usahaulifu haukutosha.

Kwa mtazamo wa kwanza uamuzi huo ni wa haki. Bila sharti la ushahidi, kila aliyesinzia angejiita mgonjwa. Athari yake hata hivyo ilikuwa kuugawa ugonjwa mara mbili. Anayeanguka kwa mara ya kwanza maishani ana utetezi kamili lakini hana faili la hospitali la kuuthibitisha. Mwenye faili nene la hospitali ana ushahidi wote, na kila ukurasa wa faili hilo unaonyesha kwamba alijua.

Ugumu huo uliwaangukia zaidi wagonjwa wa kisukari. Katika kesi ya Watmore dhidi ya Jenkins ya 1962, dereva mwenye kisukari aliyekuwa amepata nafuu kutoka homa ya ini alijidunga insulini kama kawaida, sukari ikashuka, akaendesha takribani maili 5 akiwa katika hali ya kuchanganyikiwa. Mahakimu waliomsikiliza walimwachia. Majaji wa rufaa waliamuru atiwe hatiani kwa uendeshaji wa hatari: haikuwezekana, walisema, kwamba katika maili zote hizo hakuwa na udhibiti wowote. Mwaka 1987 kesi ya Broome dhidi ya Perkins ilirudia hoja hiyo karibu neno kwa neno. Mgonjwa wa kisukari alitoka kazini, akaendesha akiyumba hadi nyumbani, na huko ndiko alikogundua gari lake limeharibika. Kwa kuwa alifuata njia sahihi na kukata kona, alihesabiwa kuwa aliendesha.

Hapa ndipo fikra ya kisheria ilipoachana na fikra ya kitabibu. Daktari anajua kwamba mtu ambaye sukari yake imeshuka anaweza kufanya kazi alizozizoea, kufungua mlango, kuvaa viatu, kufuata barabara ya nyumbani, huku uamuzi wake umezimika. Mahakama ilitaka gari liende mtaroni ndipo iamini. Kadiri mwili wa mgonjwa ulivyojitahidi kumfikisha salama, ndivyo ulivyompotezea utetezi.

Juu ya hilo likaja jambo la insulini na ukosefu wake. Kesi ya Quick ya 1973, iliyomhusu muuguzi aliyeshtakiwa kwa kumshambulia mgonjwa, iliamua kwamba sukari iliyoshuka kwa sababu ya insulini imetokana na kitu cha nje ya mwili, hivyo si wendawazimu. Kesi ya Hennessy ya 1989, iliyomhusu mtu aliyeendesha gari la wizi bila kujidunga insulini kwa siku kadhaa, ikaamua kwamba sukari iliyopanda inatokana na ugonjwa wenyewe, hivyo mlango pekee uliobaki ulikuwa wa wendawazimu. Matokeo yake, mgonjwa mmoja, mwenye ugonjwa mmoja, alikuwa mtu wa kuachiwa huru jioni aliyozidisha dozi na mwendawazimu jioni aliyoisahau. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angependa kuitwa mwendawazimu mahakamani ili akwepe faini ya mwendo, na kwa hakika ripoti hazionyeshi foleni ya watu waliojaribu.

Dharura barabarani

Upande wa pili wa historia ni wa dereva mzima anayekimbia kwa sababu ya mtu mwingine. Mwaka 1971, katika kesi ya Buckoke iliyohusu madereva wa zimamoto wa London na taa nyekundu, Lord Denning alitoa mfano wa dereva anayeona mtu dirishani mwa nyumba inayoungua, yadi 200 mbele, na taa ikawa nyekundu. Kisheria, alisema, dereva huyo akipita ametenda kosa. Kiutu, hapaswi kushtakiwa bali kupongezwa. Kauli hiyo imenukuliwa mara nyingi kwa uzuri wake. Kwa historia ya sheria, uzito wake uko kwingine: mmoja wa majaji wakubwa wa karne alikiri kwamba sheria haina mahali pa kuiweka dharura, na akaikabidhi kwa busara ya polisi.

Miaka kumi na mitano baadaye mahali pakapatikana, tena karibu kwa bahati. Katika kesi ya Willer ya 1986 dereva alipanda na gari kando ya barabara akikimbia kundi la vijana waliomvamia. Katika kesi ya Conway ya 1988 dereva alikimbia kwa kasi ya hatari akiamini watu wawili wanaolisogelea gari wanataka kumdhuru abiria wake. Kumbe walikuwa polisi wasiovaa sare. Mahakama ya Rufani iliita hali hiyo shinikizo la mazingira. Kesi ya Martin ya 1989 ndiyo iliyoligusa moja kwa moja suala la afya. Mume aliyekuwa amenyang'anywa leseni alimpeleka mtoto wa mkewe kazini, kwa kuwa mke, ambaye alikuwa amewahi kujaribu kujiua, alitishia kujiua asipofanya hivyo. Jaji wa awali alikataa kuisikiliza habari hiyo. Mahakama ya Rufani ikasema ilipaswa kusikilizwa, na ikaweka maswali mawili: je, mshtakiwa alisukumwa na hofu ya msingi kwamba mtu atakufa au ataumia vibaya, na je, mtu mwenye uthabiti wa kawaida, aliye katika hali kama yake, angefanya vivyo hivyo?

Inafaa kuangalia ni ugonjwa wa nani uliofungua mlango huo. Ni wa mke. Laiti Martin mwenyewe angekuwa ndiye mgonjwa wa akili, naye akaendesha kwa sababu ya ugonjwa wake, angerudishwa kwenye ule mlango wa Hennessy. Pia kiwango kilichowekwa, cha kifo au jeraha kubwa, kilikuwa cha juu. Maumivu hayatoshi. Homa ya mtoto, kama si ya kutisha uhai, haitoshi. Na sharti la mtu mwenye uthabiti wa kawaida liliacha swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha: mzazi anayemtazama mwanawe akikosa pumzi hupimwa kwa uthabiti wa nani?

Sababu maalumu

Kwa wengi ambao dharura yao haikufika mauti, sheria ilikuwa na chumba kingine, na ndicho kilichotumika zaidi. Sheria za barabarani za Uingereza ziliamuru leseni iandikwe kosa, au iondolewe, isipokuwa pakiwa na sababu maalumu. Sababu maalumu ni nini? Jibu lilitolewa na Lord Goddard katika kesi ya Whittall dhidi ya Kirby, iliyoripotiwa 1947, akifuata uamuzi wa mahakama ya Ireland ya Kaskazini wa miaka ya 1930. Sababu hiyo lazima ihusiane na tukio la kosa, si na mtu aliyelitenda. Kwamba mshtakiwa ni mwema, kwamba ana familia, kwamba bila leseni atapoteza kazi, hayo yote ni ya mtu. Ndiyo tofauti iliyotajwa mwanzoni: dharura ilikubaliwa, udhuru ukakataliwa.

Kesi nyingi za msingi zilihusu ulevi. Brown dhidi ya Dyerson, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikubali kwamba ugonjwa wa ghafla unaomtoa mtu nyumbani baada ya kunywa unaweza kuwa sababu maalumu, mradi hakukuwa na njia nyingine. Kwa mwendokasi, kesi inayostahili kukumbukwa ni Marks dhidi ya Polisi wa West Midlands ya 1981. Dereva alipita kikomo kwenye barabara kuu kwa sababu abiria wake, mzee dhaifu asiyeweza kujizuia haja, alikuwa katika taabu kabla ya kufika mahali pa kusimama. Hakuna uhai uliokuwa hatarini. Kilichokuwa hatarini kilikuwa heshima ya mzee, na majaji waliona hiyo ni sababu ya kutoiandika leseni. Katika mfululizo wa kesi zinazohesabu vifo na majeraha, hii ni ya pekee kwa kuikubali aibu kuwa jambo zito.

Miongo miwili baadaye taabu kama hiyo ilisikilizwa kwa mtu asiyehitaji kutambulishwa kwa wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki. Mwaka 1999 Alex Ferguson, kocha wa Manchester United, alishtakiwa kwa kupita kwenye ukingo wa barabara kuu uliotengwa kwa magari yaliyoharibika. Alieleza kwamba tumbo lilikuwa limemvuruga na alikuwa akikimbilia choo. Mahakimu walimwachia huru. Kosa halikuwa la mwendo, lakini kisa kiliwafundisha wananchi kwamba mwili wa dereva mwenyewe unaweza kuwa utetezi. Kiliwafundisha pia kwamba utetezi wa aina hiyo huhitaji wakili mahiri na siku nzima mahakamani, vitu ambavyo faini ya kawaida haivilipii.

Udhuru haukufutwa kabisa. Sheria ya Usafiri ya 1981 ilileta mfumo wa alama, ambapo anayefikisha alama 12 ndani ya miaka mitatu huondolewa leseni, isipokuwa aonyeshe kwamba kuondolewa huko kutaleta taabu isiyo ya kawaida. Hapo ndipo dereva mwenye maradhi ya kudumu, au mwenye mzazi wa kupelekwa kliniki kila wiki, anaposikilizwa hatimaye. Ila anasikilizwa akiwa tayari na hatia nyingi, na anachojadili si kwa nini alikimbia bali ataishije asipoendesha.

Kamera na karatasi

Yote yaliyoelezwa yalidhani kwamba kuna mtu anayesikiliza. Polisi aliyemsimamisha dereva mwaka 1935 aliweza kuchungulia kiti cha nyuma. Kifaa kilichobuniwa na Mholanzi Maurice Gatsonides, mshindi wa mbio za magari za Monte Carlo za 1953 aliyetaka kuupima mwendo wake mwenyewe, hakichungulii. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1991 ilirahisisha ushahidi wa kamera, na mwaka 1992 kamera ya kwanza ikaanza kazi kwenye daraja la Twickenham, London. Dereva hupata habari kwa barua, na kwa kawaida hupewa nafasi ya kulipa faini isiyobadilika, ambayo tangu 2013 ni pauni 100 pamoja na alama 3. Mgonjwa aliyekuwa ndani ya gari amekwisha kupona au kufa.

Anayekataa kulipa hakutani lazima na mahakama iliyo wazi. Tangu 2015 makosa madogo yanaweza kuamuliwa na hakimu mmoja kwa karatasi tu, bila mshtakiwa wala mwendesha mashtaka kuwapo, isipokuwa mshtakiwa aombe kusikilizwa. Mshtakiwa huandika utetezi wake kwenye fomu. Mara nyingi anayekiri kosa hueleza hapo habari za ugonjwa, msiba au hospitali, bila kujua kwamba anachokieleza huenda ni utetezi wa kisheria na si ombi la huruma. Machi 2024 Chama cha Mahakimu cha Uingereza na Wales chenyewe kilipendekeza kwamba waendesha mashtaka wawe wanayasoma maelezo hayo kabla ya kesi kuamuliwa, jambo linaloonyesha kuwa walikuwa hawayasomi.

Urithi wa Afrika Mashariki

Mkondo huu unaihusu Afrika Mashariki kwa njia ya moja kwa moja. Sheria ya kawaida ya Uingereza ilipokewa Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hizo ni muhimu, kwa maana zinatangulia karibu kila kesi iliyojadiliwa hapa. Mahakama za Nairobi na Dar es Salaam zinaweza kushawishiwa na Martin au Marks, hazifungwi nazo.

Zinachofungwa nacho ni maandishi. Kanuni za Adhabu za nchi hizi mbili zilitungwa 1930, mwaka uleule ambao London ilianza kumtaka dereva atangaze afya yake, kwa kufuata mfano wa kanuni ya Queensland. Zinasema kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lililotokea pasipo hiari yake. Hapo dereva aliyeanguka kifafa ana utetezi ulioandikwa, jambo ambalo mwenzake wa Brighton hakuwa nalo. Kifungu cha kulazimishwa, kwa upande mwingine, kinamwangalia mtu aliyetishwa na mshiriki mwenzake katika kosa, kwa kifo au madhara makubwa. Mtoto anayekosa pumzi hamtishi mtu. Kwa hiyo uwiano umegeuka kinyume cha Uingereza: huku udhuru wa mwili una msingi thabiti, na dharura ya mwingine ndiyo inayotafuta pa kusimama.

Pamoja na hayo, tofauti hiyo ya maandishi haijawa na uzito katika maisha ya madereva, kwa sababu wachache wanafika inapohusika. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kifaa cha kupimia ambacho madereva wote wanakiita tochi. Aliyepigwa tochi hupewa hati ya faini, na akiilipa amekubali kosa. Tofauti na kamera ya Twickenham, nyuma ya tochi yupo askari, na dereva mwenye mama mzazi mgonjwa kwenye kiti cha nyuma anaweza kumwonyesha. Askari anaweza kusema pita. Busara ambayo Lord Denning aliikabidhi polisi mwaka 1971 ingali inafanya kazi kando ya barabara ya Morogoro, pamoja na hatari zake zote zinazojulikana, kwani msikilizaji asiyeandika anaweza pia kusikia bei.

Kenya ilijaribu kuiondoa hatari hiyo kwa jedwali. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zinaeleza kwamba anayepita kikomo kwa kilomita 1 hadi 5 ataonywa, kwa kilomita 6 hadi 10 atalipa shilingi 500, 11 hadi 15 shilingi 3,000, na 16 hadi 20 shilingi 10,000. Jedwali lina safu ya mwendo na safu ya fedha. Dereva wa Nakuru au Mombasa anayetaka kusema kwamba mkono wake haukuwa wake dakika ile hana budi kukataa kulipa, kupoteza siku ya kazi mahakamani, na kumleta daktari aeleze yaliyoandikwa katika faili lake la hospitali.